Jogoo Niliyemfungulia Mlango

Jumanne, magharibi. Mvua ilianza asubuhi na bado inanyesha, ile ya taratibu, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu. Mikono yangu inanuka Javel, ile dawa ya kuulia vijidudu, hata nikiipaka limau. Ninaandika kwa kidole kimoja kwa sababu kingine nimekichubua na mpini wa jembe.

Kundi la Chini limekwisha.

La Kati limebaki na wachache wanaosimama, na hao nisiwahesabu.

Mnaonisoma hapa mmezoea kunisoma nikijigamba, basi leo mnivumilie. Ukurasa huu nilifunguliwa na binti yangu Gloire kabla hajaenda shule ya bweni. Aliniambia, Maman, andika humo, uache kuongea na kuku. Nikaandika, lakini nikaandika kuhusu kuku. Na wengi wenu mnakuja kwangu na swali moja tu: kwa nini vifaranga vyenu vinatoka miguu imepinda, kwa nini mayai yanaharibika chini ya mama. Nami nawaimbia wimbo uleule mpaka mmechoka. Jogoo wenu amezaa na binti zake, halafu na wajukuu zake, na ninyi mmekaa mnamsifu kwamba ana kishungi kizuri.

Kwa anayefika leo mara ya kwanza, nieleze. Hapa kwangu Nyakarenzo nina mabanda matatu yanayopanda kilima. La Chini liko karibu na migomba, la Kati nyuma ya jiko, la Juu kule kwenye mikaratusi, ambako ukienda na ndoo ya maji lazima usimame njiani upumue. Kila banda ni kundi lake. Majike hawahami: binti anakaa banda la mama yake mpaka mwisho wa maisha yake. Wanaohama ni wanaume. Vijana wa Chini wakikomaa wanapanda kuoa Kati, wa Kati wanapanda kuoa Juu, wa Juu wanateremka kuoa Chini. Wakingoja zamu yao wanafungiwa peke yao kwenye kibanda cha majogoo, humo wanapigana na kujisifu bila jike wa kuwatazama. Ukifuata mzunguko huo, jogoo hakutani na mama yake wala na dada yake. Kila mmoja ana pete ya plastiki mguuni ya banda alikozaliwa, nyekundu ya Chini, njano ya Kati au buluu ya Juu, ili hata mlevi asikosee.

Aliyejenga yote haya ni Papa Gloire, mume wangu, marehemu. Alikuwa mtu wa utani. Alisema kwamba kwa binadamu mwanamke ndiye anayefunga mzigo akaenda ugenini, basi kwetu tuwape na wanaume waonje. Alisema hivyo hata mbele ya baba yake, na baba yake hakucheka.

Kuku wenyewe wametokana na mitetea ya mama yake, ambayo tulivuka nayo mpakani ikiwa ndani ya kikapu tuliporudi Rwanda kutoka Bukavu. Nikisema damu, ninasema hiyo. Ni kuku wadogo, wagumu, wanaolalia mayai bila kusumbua, na hawapo tena kule tulikotoka kwa sababu kule vita vimekula mpaka kuku. Papa Gloire aliwagawa makundi matatu ili wasiishe. Alikufa kabla mzunguko wa kwanza haujakamilika, na mimi nikaukamilisha, na wa pili, na huu tuliokuwa nao. Damu hiyo ikikatika, hakuna soko la kuinunua. Si Kamembe, si ng'ambo. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea.

Sasa nimseme Mzee.

Mzee ni baba mkwe wangu. Anakaa Rwimbogo, na mwanawe amezikwa huko. Baada ya mazishi alitaka nifunge nyumba hii nihamie kwake pamoja na kuku, niwe chini ya macho yake. Nilikataa. Mimi nina mdomo, kila mtu Nyakarenzo anajua, lakini siku ile sikupiga kelele, nilisema hapana mara moja na nikaenda kuchota maji. Akachukua kofia yake na fimbo yake, akaondoka. Tangu hapo hakukanyaga hapa. Gloire akienda kumsalimia anampokea vizuri, anamuuliza masomo, anamuuliza afya, na jina langu halitajwi.

Halafu Jumapili moja, wiki mbili zilizopita, nikiwa natoka kanisani, nikasikia moto, pikipiki ya abiria, inasimama barabarani. Mzee huyo anashuka. Amevaa koti lake la sherehe, na ndani ya koti, kifuani, amebeba jogoo.

Jogoo mwekundu, shingo nene, miguu ya njano imesimama kama vigingi. Nilisahau hata kusalimia vizuri. Na kusema kweli nilikuwa ninatafuta damu mpya. Makundi matatu yakizunguka miaka, yanakaribiana, hata ukifuata kanuni zote inabidi siku moja umlete mgeni wa kiume kutoka nje. Nilikuwa nimeuliza huku na huku na sikupata wa kunipendeza. Sasa huyu hapa, amebebwa na mtu wa mwisho duniani niliyemtegemea.

Nina kibanda cha wageni, pale karibu na barabara, mbali na mabanda yote. Kuku yeyote anayeingia kwangu, awe amenunuliwa au amepewa, anakaa humo kwanza wiki kadhaa, peke yake, mpaka niridhike kwamba ni mzima. Nimewaandikia hapa kuhusu kibanda hicho mpaka mmoja wenu akanitania kwamba naendesha gereza. Basi nikampokea jogoo kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaanza kwenda naye barabarani.

Mzee akauliza: "Maman Gloire, unamupeleka wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa heshima, kwamba ni utaratibu wa wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia chini.

"Jogoo yangu utamufunga peke yake, sawa mwizi?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kujibu. Aliisema taratibu, kama mtu ambaye amekwisha kujiandaa kurudi na kitu alichokileta.

Kwetu hapa, muntu akikuletea mnyama, unamwingiza zizini yeye akiona. Awe ng'ombe, awe mbuzi, awe kuku, ni hivyo hivyo. Aliyeleta anasimama, anatazama mnyama wake akichanganyika na wako, na hapo ndipo zawadi imepokelewa. Ukimweka pembeni, hata kwa maneno matamu, umesema sikutaki. Mimi nililelewa Bukavu lakini hilo nalijua, mama yangu alilijua, na Mzee alijua kwamba ninalijua.

Nikageuka. Nikateremka mpaka Chini, nikafungua mlango, nikamweka katikati ya mitetea yangu.

Alipiga mabawa, akawika. Mzee akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwanawe akiwa hai. Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti cha Papa Gloire bila kuuliza, akanywa chai, akala viazi, akauliza Gloire atarudi lini. Akaondoka jioni na moto. Nami nilikuwa na furaha. Furaha ya kijinga kabisa, ya kuimba jikoni peke yangu.

Jumatano jogoo hakuwika.

Nilimkuta amejikunja kwenye kona, manyoya yamesimama, macho nusu. Kinyesi cha kijani. Nikajiambia ni safari, ni mvua, ni mabadiliko ya chakula. Mwangalieni mwanamke anayewafundisha wengine! Ungeniletea habari hiyo wewe hapa kwenye maoni, ningekujibu kwa herufi kubwa: mtoe leo. Mimi nilimpa maji yenye kitunguu saumu. Ijumaa alikuwa amekufa, shingo imejipinda mpaka kichwa kimelalia mgongo.

Ni kideri. Hapa kwa Kinyarwanda wanakiita muraramo, na jina lolote ulipe, kikiingia bandani hakibagui. Mtaniuliza chanjo. Chupa moja ya chanjo inatosha kuku wa nyumba nyingi, na ikifunguliwa lazima iishe siku ileile, kwa hiyo tunangojana jirani na jirani mpaka tutimie. Mara hii tulingojana mno. Mmoja alikuwa na harusi, mwingine alikuwa Bugarama kwenye mpunga, na muda wa chanjo ya zamani ukatupita tukiwa tunaambiana wiki ijayo.

Veterineri, daktari wa mifugo niliyemwita, alipokuja hakuingia. Alisimama nje ya uzio na buti zake, akaangalia Chini kutoka mbali, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo. Ni kijana mpole, aliongea na mimi kama anavyoongea mtu kwenye msiba. Alisema Chini wameondoka, tusidanganyane. Kati wako karibu mno, labda, labda si. Lakini Juu wako mbali na upepo unatoka kwao kuja huku, hauendi huku kwenda kwao. Juu wanaweza kupona, alisema, kama hakuna mguu wowote wa huku chini utakaopanda kule. Wala ndoo, wala nguo, wala mkono.

Kwa hiyo nilichagua. Nikabaki chini na wanaokufa.

Juu nikamwachia jirani yangu Maman Aline, ambaye hafugi ndege wa aina yoyote, ana mbuzi tu. Kila asubuhi alipita njia ya juu, ya barabara ya mikaratusi, akawapa mahindi na maji, akarudi kwa njia ileile bila kukanyaga uwanja wangu. Tulikuwa tunazungumza kwa kupigiana kelele mteremkoni kama wachungaji. Ananiambia, wazima! Nami ninajibu, Mungu asifiwe! Halafu ninainama kuokota maiti.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi na nilijiimbia siku nzima. Juu peke yao wana damu mbili: majike wao wenyewe, na majogoo wao waliozaliwa Kati. Wakibaki hao tu, ningewagawa upya, ningengoja, ningeanza tena mabanda matatu. Ingechukua miaka na ningekubali. Sikuomba Chini wafufuke. Niliomba Juu tu.

Wiki hii ndiyo niliyojua uzito wa kuku mfu. Kuku hai ni mwepesi, anajishikilia mwenyewe. Mfu analegea mkononi. Kuna mtetea mmoja wa Chini, mzee, mwenye pete nyekundu iliyofifia, ambaye Papa Gloire alimshika mwenyewe akiwa kifaranga akimfunga pete ya kwanza. Huyo alikufa akinitazama, au shingo yake ilikuwa imegeukia upande wangu, sijui. Nililia kwa sauti. Sikulia hivyo makaburini kule Rwimbogo kwa sababu kule watu walikuwa wananitazama.

Na simu. Mama mmoja wa Kamembe anayenunua kuku kwangu alinipigia Jumapili. Habari zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani. Alinipa pole, pole ya kweli, akaniambia niuze wale wanaosimama bado, leo hii, atatuma moto waende sokoni kabla hawajaanguka, hakuna atakayejua. Si mtu mbaya. Ni mcha Mungu, anaswali, amewahi kunitunzia Gloire alipougua malaria pale mjini. Alikuwa ananionea huruma. Niliwaangalia Kati wakichakura kana kwamba dunia ni nzima. Halafu nikasema hapana. Nikamwambia asinunue na kwa mwingine yeyote wa kilima hiki.

Nikakata simu nikaanza kufoka peke yangu. Ndivyo ugonjwa unavyotembea! Hauna miguu. Sisi ndio miguu yake. Kifo kinaingia bandani kwa mtu, na badala ya kufunga mlango anatoa yule mzuri kuliko wote, yule anayemwonea uchungu, anamsafirisha. Nililaani watu wa namna hiyo mmoja mmoja, wale ninaowajua na wale nisiowajua. Nikajiuliza na jogoo mwekundu alitoka soko gani, na nani alimuuzia Mzee mauti ndani ya koti.

Sasa leo.

Asubuhi Maman Aline alinipigia kwamba goti limemvimba, anapitia kwanza kituo cha afya, atapanda Juu saa sita. Nikamwambia asijali, mvua hii kuku wanajikunyata tu. Nikaendelea kuchimba. Shimo la pili, kwa sababu la kwanza limejaa. Udongo ulikuwa mzito na nilikuwa nimelowa mpaka ndani.

Nikasikia mtu anakohoa kule juu.

Nikainua macho. Mlango wa Kundi la Juu ulikuwa wazi. Na katikati ya banda, amevaa buti za mvua na koti lilelile, alikuwa amesimama Mzee. Ameinama kidogo, mkono mmoja ameunyoosha, na kuku wangu wanakula mahindi kiganjani mwake.

Niliacha jembe nikakimbia. Nilikimbia nusu ya kilima, nikafika pale ambapo njia inagawanyika, nikasimama ghafla. Buti zangu zilikuwa na matope ya shimo. Mikono yangu. Nguo yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba kile nilichokuwa nakimbia kukizuia. Nikabaki pale, siwezi kupanda, siwezi kushuka, nikamwita kutoka mbali.

"Mzee. Toka humo."

Akaniangalia, akafurahi kuniona. Akasema alisikia Rwimbogo kwamba nina msiba wa kuku, akasema asiniache peke yangu. Moto ilimwacha kule juu kwa sababu ya utelezi. Akapita hapo, akawasikia wanalia njaa, mahindi yako kwenye pipa na hakuna wa kuwapa. "Nikasema niwapatie, utapata nguvu," alisema. Mtetea mmoja alikuwa amesimama juu ya buti lake.

Nikamuuliza zile buti ametoka nazo wapi. Akasema nyumbani, asubuhi alikuwa anafagia banda.

Banda gani, Mzee? Nikasikia sauti yangu imekuwa ndogo. Nikamuuliza lile jambo ambalo nilipaswa kuuliza ile Jumapili kabla ya chai.

"Ile jogoo ulimutosha soko gani?"

Akamwaga punje zilizobaki mkononi, akapangusa kiganja kwenye koti.

"Ni wa kwangu," alisema. "Kwangu zote zilikufa, hata yenye ilikuwa inalalia mayai. Ni yeye tu alibakia. Nikasema kwako ataishi, ju weye unajuaka kuku."

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa na matusi yote ya Bukavu mdomoni, mengine sikujua kama bado ninayakumbuka. Nilitaka kumwambia kwamba amewaua. Kwamba amemuua mwanawe mara ya pili, nilitaka kusema hivyo hasa, kwa maneno hayohayo, na yalikuwa yamekwisha kupangika kwenye ulimi.

Sikuhitaji. Aliniangalia mimi niliyesimama nimeganda njiani nisipande. Akaangalia chini kule kwenye shimo na jembe langu. Halafu akaangalia buti zake, na yule mtetea aliyesimama juu yake. Mzee huyu amefuga ng'ombe maisha yake yote, alishawahi kuona ugonjwa ukipita zizini. Nilimwona akielewa. Ilianza machoni, ikashuka mabegani, na mkono ule wa mahindi ukabaki umening'inia.

Alitoka akirudi kinyumenyume, polepole, akafunga mlango, akaufunga vizuri kwa kamba. Akakaa kwenye nyasi zilizolowa nje ya banda, akavua kofia.

Nilikwenda kuchukua ndoo na Javel. Nilinawa, nikabadilisha nguo na buti, nikavaa viatu vya kanisani kwa sababu sikuwa na vingine, nikapanda. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia atoe miguu. Alikataa kwanza, akaivuta. Nikaishika kwa nguvu. Nikasugua soli zote mbili kwa brashi, kila mfereji, nikitoa matope ya Rwimbogo na mavi ya kuku yaliyomo, na sote wawili tulijua kwamba haikuwa na faida yoyote kwa Kundi la Juu. Alikuwa ameingia. Walikuwa wamekula mkononi mwake. Nilisugua hivyohivyo. Sijawahi kumgusa Mzee huyu isipokuwa mkono wa salamu. Aligeuza uso akatazama mikaratusi, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka, nami nikajifanya ninaangalia brashi.

Nilipomaliza akasimama, akasema aende. Alisema kwa adabu kubwa, kama anaaga watu asiowajua.

Nikamwambia haendi. Angepanda moto ya kijana fulani, na kijana yule ana mama mwenye kuku. Angesimama njiani kwa rafiki zake, wangemkaribisha, wangemwuliza habari, akiwa na koti lile. Kilima hiki hadi kile, kila uwanja una kuku watatu wanne wa karo ya watoto wa shule. Nikamwambia, Mzee, utakaa hapa mpaka hii kitu imalize kutuua. Akaniuliza koti aliweke wapi.

Nguo zake zote ziko ndani ya beseni, zimelowekwa. Nilikuwa sina la kumpa, nikafungua sanduku ambalo huwa silifungui, nikampa shati la mwanawe na suruali ya mwanawe. Suruali ni ndefu, ameikunja. Yuko sebuleni sasa hivi. Nikipita na taa naona bega lile na mistari ile ya shati, na moyo unanipasuka kabla sijakumbuka ni nani.

Hatujasemezana sana. Nimemwambia moja tu, kwamba ile Jumapili nilikuwa na kibanda na nilikuwa na akili, na mlango niliufungua mimi kwa mkono wangu. Sikusema ili kumpoza. Nimesema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu tangu mchana ananiangalia kama mtu anayesubiri hukumu, na hilo silitaki nyumbani kwangu. Alijibu kwamba angeniambia ukweli ningemfunga jogoo, na kwamba aliliona hilo siku ileile, na akaona haya kusema kwamba analeta mnyama kutoka nyumba ya mauti.

Bado nina hasira naye. Nisidanganye watu hapa. Nina hasira naye, nina hasira na goti la Maman Aline, nina hasira na mvua, na mimi mwenyewe sijui nijiweke namba ngapi. Tafadhali asije mtu kuniandikia chini kwamba nisamehe. Kusamehe nitaona mwenyewe. Gloire bado hajui, na atakaporudi likizo nitamwambia vyote, na babu yake akiwa amekaa pale.

Kuku wa Juu wamelala wazima. Niliwatazama jioni kutoka njiapanda, wamejipanga kwenye fito kama kawaida, majogoo wa pete ya njano pembeni, majike wa buluu katikati. Kideri hakionekani siku ya kwanza. Kesho watakuwa wazima. Kesho kutwa labda. Siku fulani asubuhi, hivi karibuni, mmoja hatashuka kwenye fito, au wote watashuka. Maman Aline nimemwambia asipande tena, asije akautoa huko akaueneza kilimani. Hakuna dawa ya kuwapa, hakuna kitu cha kufanya isipokuwa kupanda kila asubuhi, mikono na viatu vikiwa safi, na kuangalia.

Mzee ameniita sasa hivi kutoka sebuleni. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, amekwisha kulifikiria jambo lake. Alisema kuanzia kesho, asubuhi, atapanda yeye.

"Weye usikuwe wa kwanza kuona," alisema.

Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika mwiko. Ningeweza kumwacha. Angekwenda kila alfajiri na shati lile, angefungua kamba, angetafuta kama kuna aliyejikunyata kwenye kona, na siku ikifika angekuwa peke yake nayo. Na nusu yangu ilitaka hivyo hasa. Ilitaka awe peke yake.

Nimemwambia tutapanda wote wawili.